Kusoma Magamba Walungu

Katika milima ya Walungu, kusini-magharibi mwa Bukavu, nyoka wengi hukutana na binadamu kwenye ncha ya jembe. Mama analima viazi vitamu mtelemkoni, udongo unapinduka, na kitu chembamba cha kahawia kinajikunja juani. Ukelele, pigo moja, pigo la pili la kuhakikisha, kisha kilimo kinaendelea. Ukisema, "Mama, ngoja kwanza tumwangalie," utajibiwa bila hasira: "Mwanangu, nyoka ni nyoka." Jibu hilo lina akili yake. Mwenye watoto wanaokwenda pekupeku, na ambaye kituo cha afya kiko mbali naye, hana sababu ya kucheza kamari na kiumbe asiyemjua.

Wapo lakini watu wasiocheza kamari na bado hawaui. Wanachutama, wanatazama, wanahesabu, kisha wanasema: huyu hana sumu, na sababu ni hizi. Kazi yao ni ya polepole mno na haina wa kuipigia makofi, ila mimi naihesabu miongoni mwa kazi bora kabisa za jicho na subira zinazofanywa katika nchi yetu ya Kivu.

Tuanze na huyo wa kwenye viazi. Mara nyingi ni Duberria, nyoka mdogo ambaye ni nadra kufika nusu mita, kichwa chake kimeungana na shingo bila mpaka, na chakula chake ni koa na konokono tu. Humfuata koa kwa utelezi aliouacha njiani. Hatagi mayai, huzaa watoto wakiwa hai. Akitishwa hajui kuuma: hujiviringa akabana, kichwa akakificha ndani, akangoja hatari ipite. Mkulima aliyemkata amemkata mlinzi wa kabichi zake mwenyewe. Kumtambua si shughuli kubwa, maana umbo dogo, magamba laini yaliyo katika safu 15 na hiyo tabia ya kujiviringa hutosha, na mzoefu humtaja huku anatembea.

Hata hapo, mzoefu huyo huyo hamwokoti kwa vidole. Udongoni humo humo huishi pia Atractaspis, mweusi, mfukuaji, naye kichwa chake hakina shingo. Huyo ana sumu, na meno yake hutokezea pembeni mwa mdomo ulio karibu kufungwa, kiasi kwamba ukimbana nyuma ya kichwa kama wanavyobanwa nyoka wengine, anageuza jino moja na kukuchoma kidole. Namna salama ya kumshika kwa mkono haipo. Ndiyo sababu chombo cha kwanza cha kazi hii ni kulabu ndefu, na cha pili ni mikono iliyozoea kukaa nyuma ya mgongo.

Kivu si mgeni wa elimu hii. Mwaka 1947 Wabelgiji waliunda taasisi ya utafiti wa sayansi katika Afrika ya Kati, IRSAC, na makao yake yakajengwa Lwiro, katika Kabare, kaskazini mwa Bukavu. Leo ndiyo kituo cha utafiti cha CRSN-Lwiro. Raymond Laurent, Mbelgiji, aliwachunguza vyura, mijusi na nyoka wa eneo hili, na mwaka 1956 jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, lilitoa kitabu chake kikubwa juu ya wanyama hao wa Maziwa Makuu. Baadaye kazi ikashikwa na wana wa nchi. Chifundera Kusamba wa Lwiro alichapisha mwaka 1990 makala kuhusu nyoka wa Zaire na jinsi wanavyouma, na kwa miaka mingi ameendelea kukusanya na kuandika, mara nyingi pamoja na Eli Greenbaum wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso. Greenbaum ndiye aliyesimulia safari za kazi hiyo katika kitabu Emerald Labyrinth cha mwaka 2017. Vita vimekuja na kupita na kurudi, barabara zimekatika, lakini chupa za spiriti zimeendelea kupata wageni wapya wenye vibandiko vya uzi mguuni au, kwa nyoka, kiunoni.

Sasa nije kwa nyoka aliyenifanya niandike haya. Vitabu humwita Dasypeltis atra, mla mayai wa milimani. Jina hilo alipewa mwaka 1912 na Richard Sternfeld, aliyewachambua wanyama walioletwa na msafara wa Kijerumani wa Afrika ya Kati wa 1907 na 1908. Yupo Kivu, Rwanda, Burundi na Uganda, na nyanda zetu za juu zinamfaa. Hana sumu hata tone. Meno yake ni vijino vichache vidogo ambavyo haviwezi kukuumiza hata vikitaka. Hali mnyama, hali chura, hali mdudu; maisha yake yote hula mayai ya ndege. Na katika nyoka wote wa Walungu wasio na madhara, huyu ndiye mwenye sura ya hatia kuliko wote.

Barazani kuna kanuni zinazorithishwa za kumjua nyoka mwenye sumu. Mboni ya jicho ikiwa imesimama wima kama ya paka, ana sumu. Kichwa kikiwa na pembe tatu, ana sumu. Magamba yakiwa makavu, yasiyong'aa, kila moja na mwinuko mwembamba katikati, huyo ni wa ukoo wa kifutu. Na akikuvimbia, akipuliza na kukurukia, basi hakuna la kuuliza tena. Kwa wenye vitabu ipo kanuni ya tano, ya kisomi kidogo: tazama upande wa uso, kati ya gamba lenye tundu la pua na gamba lililotangulia jicho. Nyoka wengi wasio na madhara wana gamba moja dogo la ziada hapo, nami nitaliita gamba la shavu. Fira na mamba hawana.

Mla mayai anazivunja zote tano. Mboni yake imesimama wima. Magamba yake ni makavu na yana mwinuko. Akiogopa hubapaza kichwa mpaka pembe tatu zinatokea. Hujikunja mikunjo iliyokaribiana, akaisugua ubavu kwa ubavu, na kwa kuwa magamba ya mbavuni mwake yameinama na yana meno madogo ya msumeno, msuguo huo hutoa mfoko mkali unaofanana kabisa na pumzi ya nyoka aliyekasirika. Kisha hurusha kichwa mbele, tena na tena, mdomo wazi, bila chochote ndani cha kukuchoma nacho. Na gamba la shavu hana.

Anayeigizwa na mla mayai, kwa wale wenye mabaka, ni hasa Causus, jamaa mdogo wa kifutu ambaye hula vyura, mwenye sumu ya kutia uvimbe na maumivu makali. Waweke hao wawili bega kwa bega, kanuni za barazani zitakuaibisha. Causus, mwenye sumu, ana mboni ya mviringo. Causus ana magamba laini au yenye mwinuko hafifu tu. Causus ana gamba la shavu. Kichwa cha Causus kimefunikwa vigae vikubwa tisa vilivyopangika vizuri, sawasawa na vya nyoka wa kawaida asiye na neno. Mtu aliyekariri kanuni na hakujifunza kutazama atamwua mla mayai, kisha atamwokota Causus kwa mkono.

Mtambuzi aliyefunzwa hufanyaje? Hachagui alama moja akaishikilia. Anazikusanya. Mboni imesimama wima: haya. Gamba la shavu halipo: haya. Magamba ya mgongoni yana mwinuko, na yale ya mbavuni ni madogo, yamelala mshazari, kingo zake zina meno: hapo anatulia, maana mbavu za namna hiyo, katika milima hii, pamoja na hizo alama mbili za kwanza, ni za jamii moja tu. Kisha kichwa: kidogo, butu mbele, hakina mifuko ya sumu iliyojaza taya. Akiweza kumfungua mdomo ataona ufizi ulio karibu kuwa mtupu. Kila alama peke yake inadanganya. Zikisimama pamoja zinasema kweli.

Utaniuliza juu ya rangi. Rangi katika kazi hii huulizwa mwisho. Dasypeltis atra mmoja ni mweusi tii, mwingine kahawia, mwingine mwekundu aliyefifia, mwingine ana mabaka, na wote ni spishi moja. Nimewasikia watu wakigombana kwa dhati kama waliyemwona juzi na waliyemwona jana ni wa ukoo mmoja. Magamba yangewapatanisha mara moja.

Kuhesabu magamba kunastahili kuonwa kwa karibu. Nyoka aliyehifadhiwa analazwa mezani chini ya taa, lenzi inashushwa. Sindano ndefu inaanzia kwenye gamba pana la tumbo, katikati ya mwili, inapanda mshazari kuupita ubavu, inavuka uti wa mgongo, inashuka upande wa pili mpaka tumboni tena. Kila gamba linaguswa mara moja na kutajwa kwa sauti ya chini. Kwa mla mayai hesabu huvuka 20. Kwa nyoka wa kijani wa Philothamnus huwa 15. Baada ya hapo yanahesabiwa magamba mapana ya tumbo, moja moja, kutoka shingoni hadi kwenye tundu la haja, na kwa mla mayai mara nyingi ni zaidi ya 200. Wapi hasa shingo inaanza? Watu walibishana mpaka mwaka 1951, mtafiti Herndon Dowling alipopendekeza kanuni: gamba la kwanza la tumbo ni lile linalogusana kulia na kushoto na safu ya kwanza ya magamba ya ubavu. Tangu hapo hesabu ya Lwiro na hesabu ya Brussels zinaweza kuwekwa kwenye jedwali moja.

Kisha mkia: magamba yake ya chini ni mamoja au yamegawanyika mawili mawili? Na lile linalofunika tundu la haja, ni zima au limepasuliwa? Nyoka ni dume au jike? Hili nalo lina maana, kwa sababu jike kwa kawaida ana magamba mengi zaidi ya tumbo, na dume ana mkia mrefu zaidi. Anayehesabu akipotewa na namba kwenye 143 hakadirii. Anarudi kwenye moja. Mtafiti Carl Gans alihesabu namna hiyo nyoka wa jamii nzima ya Dasypeltis, kutoka makumbusho mbalimbali, na mwaka 1959 Tervuren ikachapa kitabu chake chenye kurasa zaidi ya 200 juu ya wala mayai peke yao. Sijui kazi nyingine ya binadamu inayodai utulivu wa namna hiyo kwa ajili ya mnyama ambaye jirani yake angemponda kwa jiwe.

Na mnyama mwenyewe anastahili. Mtazame anapokula. Analikuta yai kwenye kiota cha mnana, analigusa kwa ulimi kulinusa, na likiwa bovu au kifaranga amekwisha kukua ndani, analiacha. Likimpendeza, anafungua mdomo kupita kiasi unachoweza kuamini kwa kichwa kile, na ngozi ya shingo inatanuka mpaka magamba yanaachana na weupe unaonekana kati yake. Yai linaingia zima. Hapo shingoni, mifupa ya uti wa mgongo ina ncha zinazochomoza mpaka ndani ya koo. Nyoka anajipinda, ncha zinalikata ganda, maji ya yai yanashuka tumboni, na baada ya muda ganda linatapikwa likiwa limekunjamana, vipande vyake vimeshikwa pamoja na utando wake. Mkubwa wao huweza hata yai la kuku, jambo ambalo wafugaji wa Walungu wana haki ya kulalamikia. Msimu wa ndege kutaga ukipita, hufunga miezi.

Kuna njia ya kujifunza yote haya bila kumkaribia nyoka, na kwa mwanafunzi ndiyo ninayoiona bora: ngozi iliyovuliwa. Kila mtu mlimani amekwisha kuiona, imening'inia kwenye ua wa matete au imelala darini. Nyoka hujivua kuanzia mdomoni, ngozi ikageuka ndani nje, na hutanuka ikawa ndefu kuliko mwenyewe. Rangi karibu yote hupotea. Kinachobaki ni ramani ya magamba, kamili, hata kifuniko cha jicho kimo. Ilowanishe maji, ikunjue taratibu juu ya kioo, iinue kwenye mwanga wa dirisha. Utahesabu safu. Utaona mwinuko kama upo. Kama kichwa hakikuchanika, utalitafuta gamba la shavu. Nyoka wa kijani akiwa amejivua kwenye mgomba, hapo ndipo ngozi inapofanya kazi kubwa: magamba laini na gamba la shavu, basi ni Philothamnus asiye na neno; magamba laini bila gamba la shavu, ukoo wa mamba, ingawa huyo ni wa misitu ya chini kuliko milima hii; magamba yenye mwinuko katika safu 19 hivi na jicho kubwa kupita kawaida, huyo ni Dispholidus, naye anaua.

Dispholidus huyo ndiye aliyemwua Karl Patterson Schmidt, na kisa chake hakiwezi kuachwa nyuma, maana Schmidt ndiye aliyeandika mwaka 1923 orodha kuu ya nyoka wa Kongo ya Kibelgiji, kutokana na mkusanyo wa msafara wa Kimarekani wa 1909 hadi 1915. Septemba 1957, akiwa Chicago, aliletewa nyoka mchanga ili amtambue. Umbo na rangi vilisema Dispholidus. Gamba moja tu lilikataa: lile la tundu la haja lilikuwa zima, wakati kwa spishi hiyo hutakiwa liwe limegawanyika. Alipokuwa amemshika akiitafakari tofauti hiyo, nyoka alimwuma kidoleni. Schmidt aliandika dalili zake moja baada ya nyingine na siku iliyofuata, tarehe 26 Septemba, alifariki. Hakuna aliyeyajua magamba kumzidi. Gamba moja lililokosea zamu lilitosha.

Ila nisiwatishe. Ufundi huo huo umeona mbali pia. Mwaka 1955 Laurent aliwatazama fira wa msituni wa upande huu wa mashariki, akaona rangi na magamba yao yanatofautiana na ya wenzao wa magharibi, akawapa jina la nususpishi, subfulva. Kwa miongo mingi wengine hawakulitilia maanani. Mwaka 2018 Wolfgang Wüster na wenzake wakapima vinasaba, na fira wa Laurent akasimama kuwa spishi kamili, Naja subfulva. Maabara ilichukua miaka 63 kufika pale ambapo macho na sindano vilikuwa vimekwisha kukaa.

Faida kwa mama wa viazi ni ipi? Kubwa kuliko inavyodhaniwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kwa kuumwa na nyoka, na mwaka 2017 liliyaingiza majeraha hayo katika magonjwa yaliyosahauliwa yanayohitaji kutiliwa mkazo. Kwetu, anayeumwa hufungwa kamba, huchanjwa wembe, huwekewa jiwe jeusi. Jiwe hilo lina sifa kubwa hapa Kivu, na sifa hiyo kwa sehemu kubwa wamelipa nyoka kama hawa: mtu kaumwa na asiye na sumu, au na mwenye sumu ambaye hakuimwaga, jiwe limebandikwa, mtu kapona, jiwe limetukuzwa. Kisha siku ya kifutu au fira inafika, na saa za kumpeleka mgonjwa hospitali zinaishia kwenye jiwe. Kila nyoka anayetambuliwa vizuri huliondolea jiwe ushindi mmoja wa bure.

Kwa hiyo, msomaji wa Walungu, wa Kabare, wa kokote milimani: ukikutana na nyoka simama, rudi nyuma, mpe njia. Kama una simu mpige picha ukiwa mbali, mwili mzima, na kichwa kwa ubavu. Aliyeumwa apelekwe kituo cha afya mara moja, na nyoka asifukuzwe vichakani. Na ikiwa mtu amekwisha kumwua, msimguse kwa mkono, kwani hata kichwa kilichokatwa huweza kuuma. Lakini tafadhali, msikiponde kichwa. Alama nyingi za kumtambua zimo humo.